Namna ya kukaa na msiba bila kuukimbia

Matanga yakishaanuliwa, majamvi yakakunjwa na sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe, ndipo aliyefiwa hubaki peke yake na msiba wake. Wengi hapa Mombasa huukimbia: mmoja hufunga duka usiku wa manane kila siku ili asirudi nyumbani mapema, mwingine hukesha maskani na muguka shavuni.

Anayetaka msiba umkuze kiroho hana budi kuutengea wakati. Baada ya sala ya alfajiri, weka simu chumba kingine, ubaki juu ya mswala na utaje kwa sauti kinachokuuma hasa. Usiseme tu kwamba umefiwa na mama. Sema kwamba hakuna tena wa kukugongea dirisha akuulize kama umekula. Machozi yakija, yaache. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Jamaa wanaomwambia mfiwa kwamba kulia ni upungufu wa imani wanamdhulumu.

Kisha shitaki. Nabii Yaakub, ambaye macho yake yaliingia weupe kwa kumhuzunikia Yusuf, aliwajibu wanawe waliomlaumu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake, na bado ndiye mfano wa subira njema. (Mkristo naye anayo Zaburi ya 88, ambayo humalizikia gizani.) Shitaki kwa lugha ya nyumbani, kwa Kimvita ikiwa ndicho ulicholelewa nacho, kisha ujiulize uchungu huu umefichua nini ndani yako: hofu, kiburi, au kinyongo na ndugu ambacho marehemu alikuwa akikusitiria. Jibu huchelewa, na pengine huja ukiwa kivukoni Likoni, mawazo yako yakiwa kwingine kabisa.

Haya hayahusu maumivu yenye dawa wala mateso ya mkono wa mtu. Anayepigwa na mumewe aondoke atafute usalama. Asiyepata usingizi kwa wiki nyingi, au anayewaza kujiua, aende hospitali upesi, kwani kutafuta tiba nako kumeamrishwa.

Ukishapata nguvu, mtembelee mgonjwa wa muda mrefu mtaani kwako. Kaa naye robo saa, umsikilize bila kumhubiria wala kumkatiza kwa habari za msiba wako; ukishindwa, rudi wiki ijayo ujaribu tena.