SOMO: Jinsi ya kutumia sampuli za makumbusho kujua kama mnyama anapungua

Wakuu, salaam. Ukitaja makumbusho ya viumbe, wengi hufikiria mifupa ya dinosaria na watoto wa shule kwenye foleni. Ile ni sebule tu. Makumbusho ya Historia Asilia ya London yana sampuli zipatazo milioni 80, yale ya Smithsonian kule Washington yamevuka milioni 140, na karibu zote ziko makabatini ambako mgeni haingii. Somo hili ni kwa mwanafunzi au mdau wa uhifadhi anayetaka kuzitumia, hata akiwa mbali na makumbusho hayo.

Hatua ya 1: Funga swali. "Nataka kusoma popo" si swali. "Popo huyu alipatikana wapi kabla ya 1950, na leo yuko wapi?" hilo linafanyika.

Hatua ya 2: Safisha jina. Mnyama mmoja anaweza kuwa ameandikwa kwa majina kadhaa ya kisayansi, kutegemea nani alimwandika na lini. Kusanya yote, ya zamani na ya sasa, la sivyo utakosa nusu ya rekodi. Kinyume chake pia hutokea. Mtafiti Kristofer Helgen na wenzake walimtangaza olinguito, mnyama mdogo wa misitu ya Andes kule Amerika Kusini, mwaka 2013, ilhali ngozi na mafuvu yake yalishakaa miongo kadhaa kwenye droo za makumbusho kwa jina la ndugu zake. Ugomvi wa jina ukizidi, mwamuzi ni holotaipu, yaani ile sampuli moja iliyotumika kulitoa jina.

Hatua ya 3: Shusha rekodi. Fungua akaunti ya bure kwenye GBIF, kanzidata ya mtandaoni inayokusanya rekodi za viumbe kutoka duniani kote, tafuta kila jina, kisha chuja ubaki na sampuli zilizohifadhiwa. Picha na taarifa za watazamaji ziweke faili lake, zitakufaa baadaye.

Hatua ya 4: Soma lebo. Hapa msiende mbio. Ngozi nzuri isiyo na lebo ni pambo. Ngozi iliyotafunwa na wadudu lakini lebo yake imekamilika ni ushahidi.

Chukua panya wa kawaida kabatini. Mguuni amefungwa kadi ndogo kwa uzi: jina la mkusanyaji na namba yake, mahali, mwinuko, tarehe. Halafu kuna mfululizo kama 210-105-24-17. Huo ni urefu wote, mkia, mguu wa nyuma na sikio, kwa milimita. Mara nyingi uzito hufuata, na kama ni jike, idadi ya vijusi. Kwa kadi hiyo tu unajua spishi hii ilikuwa inazaa mwezi fulani, mahali fulani, hata kama imepita miaka mia.

Mitego ya kuangalia: mahali palipobadilishwa jina (Léopoldville ndiyo Kinshasa ya leo), latitudo na longitudo za sifuri kwa sifuri, zinazomtupa mnyama wako baharini Ghuba ya Guinea, nukta iliyoangukia juu ya jengo la makumbusho lenyewe, na rundo la tarehe 1 Januari, ambalo kwa kawaida maana yake ni kwamba ulijulikana mwaka tu.

Hatua ya 5: Pima juhudi za utafutaji. Wengi huanguka hapa. Rekodi zikikoma mwaka 1960, je, mnyama alitoweka au wakusanyaji ndio waliacha kwenda? Angalia wanyama wengine wanaonaswa kwa njia ileile, mahali palepale. Kama hao wanaendelea kuonekana na wako haonekani, sasa una hoja.

Joseph Grinnell, mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Wanyama wenye Uti wa Mgongo ya Berkeley, California, aliliona hili mapema. Yeye na wenzake waliandika hata mitego waliyotega. Ndiyo maana watafiti waliweza kurudia njia zao za Yosemite, hifadhi ya milimani huko California, na kuonyesha, mwaka 2008, kwamba kati ya spishi 28 za wanyama wadogo, nusu zilikuwa zimehamisha mipaka yao kwenda juu, kwa wastani wa mita 500 hivi. Bila daftari lile, hakuna ulinganisho.

Hatua ya 6: Omba sampuli yenyewe, ikibidi. Mwandikie msimamizi wa mkusanyo, eleza swali lako na kiasi unachohitaji. Mtafiti wa Uingereza Derek Ratcliffe alipopima maganda ya mayai ya kipanga yaliyokusanywa miaka tofauti, alionyesha mwaka 1967 kwamba yalianza kuwa membamba mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya DDT, dawa ya kuua wadudu, kuingia mashambani. Waliokusanya mayai yale hawakuwa na habari na DDT.

Hatua ya 7: Fikisha matokeo kwa wanaotathmini spishi hiyo kwa ajili ya Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa inayoonyesha spishi ipi iko hatarini kutoweka. Ramani ikibaki kwenye kompyuta yako haimsaidii mnyama.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, kwa nini wasipige picha tu, waache kuua?*
Swali la haki. Picha haina vinasaba wala vimelea. Kipunji, tumbili wa Tanzania, alitangazwa mwaka 2005 kwa kutegemea picha. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, ikaonekana anastahili jenasi (kundi la spishi ndugu) yake mwenyewe. Ila kwa spishi iliyobaki wachache, damu au manyoya yatoshe. Hapo sina mjadala.

*Sampuli za formalini zinafaa kwa DNA?*
Kwa shida. Formalini huharibu vinasaba. Tafuta tishu iliyowekwa kwenye ethanoli kali au iliyogandishwa.

*Nina rekodi 14 tu. Zinatosha?*
Kwa ramani ya awali, sawa. Kwa kudai kwamba anapungua, hapana, labda hatua ya 5 ikubebe sana.

*Ngozi za zamani ni salama kushika?*
Vaa glavu. Nyingi zilipakwa aseniki kuzuia wadudu, na bado imo.

*Mbona baadhi ya rekodi hazina nukta kamili?*
Hufichwa makusudi kwa spishi zinazowindwa. Ukiomba makumbusho wakakupa nukta halisi, usiziweke kwenye ramani ya hadharani. Majangili nao wana intaneti.