Umeagiza kitu nje ukaletewa bili ya kodi? Wana Mtwara na Lindi someni kabla hamjalipa

Msimu wa korosho watu wakishalipwa huku kwetu kila mtu anaagiza, huyu viatu China yule spea ya bodaboda, halafu mzigo ukifika Dar inaingia meseji ulipe elfu sitini na kitu wakati mwenzio alijua keshamaliza kulipa. Inaniuma sana maana hii hela unaweza kuijua kabla hata hujabonyeza kununua.

Kwa mzigo unaokuja na meli, Forodha hawaangalii bei ya kitu peke yake, wanajumlisha na usafiri na bima ndo wanaanza kupiga ushuru. Tuseme kitu ni laki moja na kukisafirisha na bima elfu 40, inakuwa 140,000. Ushuru wa Afrika Mashariki una viwango vikuu vinne, asilimia 0, 10, 25 na 35, inategemea umeagiza nini. Kikiangukia kwenye 25 hapo ni 35,000, jumla 175,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 175,000 siyo juu ya laki yako, unapata 31,500. Tayari 66,500! Bado vitozo kama cha reli na hela ya kampuni iliyokutolea mzigo. Kompyuta ushuru wake ni 0 ila VAT iko palepale.

Kwa hiyo unapolipia angalia masharti ya usafiri. Ukiona DDP kodi anabeba muuzaji, ukiona DAP au DDU jiandae mwenyewe. Hamna kitu kimeandikwa? Muulize kwa maandishi na jibu uliskrinshoti. Wale wanaokusanya mizigo China wanachaji kwa kilo waulize kama kodi imo humo humo, na basi la kutoka Dar mpaka huku nani analipa.

Akikwambia nitaandika zawadi au bei ndogo kataa, mzigo unaweza kuthaminiwa upya ukala na faini, na ukipotea utafidiwa ile bei ndogo.

Bili ikija usilipe kwa presha. Omba mchanganuo kwa kampuni iliyokutumia bili, angalia thamani waliyoweka na kitu wamekiita nini, linganisha na invoisi yako. Kama haviendani watumie invoisi na meseji ya benki kwa imeili, hamna haja ya kupanda basi kwenda Dar, ila fanya haraka maana gharama ya stoo huwa inahesabiwa. Forodha wakikataa kurekebisha, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakupa siku 30 kumwandikia Kamishna wa Forodha apitie upya.

Kodi ya serikali inalipwa kwa kontroli namba. Mtu akikupa namba yake ya simu eti tuma humu nitoe mzigo, huyo tapeli, usitume hata mia.

Na risiti ya kodi idai peke yake, ya kampuni peke yake, wakikuchanganyia hela zote kwenye mstari mmoja warudishie waitenganishe, maana ile ya kampuni ndo unaweza kubishana nao palepale dirishani.