Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuingia Kliniki ya Tiba Mbadala

Mtu anayekwenda kliniki ya tiba mbadala kwa kawaida huwa amejiandaa kueleza maumivu yake, lakini hajajiandaa kuuziwa, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Sina ugomvi na mitishamba yenyewe. Artemisinini, dawa inayotegemewa dhidi ya malaria, ilitokana na mmea uliotumiwa katika tiba ya jadi ya China, na Tu Youyou, aliyeongoza kazi ya kuigundua, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ninachokipinga ni biashara inayomtia mgonjwa hofu kwanza, kisha ikamtaka alipe kabla hajainuka kitini. Kwa kuwa shinikizo hilo limepangwa lifanye kazi ndani ya chumba cha ushauri, maamuzi yote ya maana yafanywe nje ya chumba hicho, nyumbani, siku moja au mbili kabla ya miadi.

Fedha ndizo za kuanza nazo. Ulizia mapema gharama ya kumwona mtaalamu, beba kiasi hicho pamoja na nauli, na kadi ya benki iache nyumbani. Ikiwa fedha zako ziko kwenye simu, zihamishie mahali ambapo huwezi kuzitoa papo hapo, au mkabidhi simu hiyo mtu unayemwamini. Utakapoulizwa una kiasi gani leo, na bila shaka utaulizwa, itakuwa rahisi kusema huna, kwa sababu utakuwa unasema kweli. Mtu mwenye fedha mfukoni anayejaribu kusema hana hubabaika, na washauri wa kliniki hizi wamezoea kuusoma uso wa namna hiyo.

Tangazo la vipimo vya bure lisikulegeze. Niliwahi kumsindikiza mama yangu mkubwa, aliyekuwa na ganzi ya miguu, katika kliniki iliyotangaza hivyo. Mhudumu alikuwa mpole kweli, akimwita "mama" karibu katika kila sentensi. Alimpa kishikio cha chuma akishike kwa mkono mmoja, akaingiza umri, urefu na uzito wake katika kompyuta, na baada ya dakika chache zikatoka kurasa nyingi zilizojaa alama nyekundu: ini limechoka, figo zimechoka, moyo dhaifu, mifupa miepesi. Kisha makopo ya dawa yakaanza kupangwa mezani, moja kwa kila kiungo, hadi yakatimia saba, na kikokotoo kikageuziwa upande wetu. Mama mkubwa alipouliza kama anaweza kuanza na kopo moja aone kwanza, alijibiwa, "Mama, ukianza nusu utakuwa umeuamsha ugonjwa bila kuuondoa." Alilipa kianzio kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa shughuli nyingine kabisa. Miezi kadhaa baadaye hospitali iligundua kuwa ganzi ile ilitokana na kisukari, ugonjwa unaopimwa kwa tone la damu. Katika kurasa zote zile za mashine, sukari haikuwa imetajwa kama tatizo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasihi watu wajue, kabla ya kwenda, vifaa watakavyokutana navyo huko, kwa sababu mgonjwa anayekiona kifaa kwa mara ya kwanza huku mtu aliyevaa koti jeupe akikifafanua hana silaha yoyote. Lililo maarufu kuliko vyote ni beseni la kutolea sumu. Mgonjwa hutumbukiza miguu katika maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, kifaa chenye vipande vya chuma huwekwa kati ya nyayo zake, na umeme mdogo huwashwa. Baada ya dakika chache maji hugeuka manjano, halafu kahawia, na juu yake huelea povu chafu lenye vipandevipande vyeusi, na mgonjwa huambiwa kwamba hizo ndizo sumu za ini na nyongo zilizokuwa zikimtesa. Yale ni matokeo ya kutu. Umeme ukipita katika maji ya chumvi hula chuma cha kifaa chenyewe, na chembe za chuma hicho ndizo zinazochafua maji. Beseni hilohilo likiwashwa bila mguu wa mtu yeyote, maji hubadilika rangi vilevile. Kazi ya kuondoa taka mwilini hufanywa na ini na figo, na hakuna njia ya taka hizo kupita kwenye nyayo.

Wanaosoma magonjwa katika duara la rangi linalozunguka mboni ya jicho nao walikwisha kupimwa. Mwaka 1979 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha jaribio lililohusisha watu 143, baadhi yao wakiwa na ugonjwa wa figo na wengine wazima, ambao picha za macho yao zilipewa wasomaji wa aina hiyo. Wasomaji hao hawakuweza kuwatenganisha wagonjwa na wazima. Mwaka 1985 jarida hilohilo lilieleza jinsi nywele za wasichana wawili wenye afya zilivyopelekwa katika maabara 13 zilizokuwa zikiuza kipimo cha nywele, kinachodaiwa kuonyesha hali ya madini mwilini, na majibu yakatofautiana sana baina ya maabara moja na nyingine. Kuhusu kile kinachoitwa kipimo cha damu hai, ambapo tone la damu ya mgonjwa huwekwa chini ya darubini na kuonyeshwa kwenye skrini, ni vyema kujua kwamba damu iliyo juu ya kioo cha darubini huanza kukauka na kubadilika umbo ndani ya muda mfupi, kwa hiyo mambo mengi yanayotajwa kuwa ni vimelea au sumu yametokea pale pale kiooni.

Si lazima mtu akariri orodha ya vifaa vyote vilivyopo, maana vipya huletwa kila mara. Inatosha kuingia na azimio moja: kiungo chochote kitakachotajwa kuwa kibovu kithibitishwe kwanza katika maabara ya kawaida ya hospitali kabla ya kununua chochote kwa ajili yake. Ini lina vipimo vyake vya damu, figo zina vyake, sukari na shinikizo la damu vina vyake, na vingi kati ya hivyo si vya gharama kubwa ukivilinganisha na makopo saba. Mtaalamu mwaminifu hatakasirika ukimwambia hivyo. Zaidi ya hayo, usieleze dalili zako zote kabla ya mashine kuwashwa, kwa sababu mengi ambayo mashine "itayagundua" yatakuwa yametoka kinywani mwako, na ikiwezekana omba upimwe mara mbili mfululizo ili ulinganishe majibu yote mawili.

Andaa pia karatasi yenye majina ya dawa zote unazotumia, dozi zake, na matokeo yako ya hospitali ya karibuni. Sababu ni ya hatari zaidi kuliko upotevu wa fedha. Mmea uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa sana kama tiba ya huzuni, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vidonge vya uzazi wa mpango na dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini. Anayekuuzia mchanganyiko asiousema umetengenezwa kwa vitu gani hawezi kukuhakikishia kwamba haugongani na dawa zako. Na hapa nasema bila kulegeza: mtu yeyote anayekuambia uache insulini, dawa za kifafa, dawa za shinikizo la damu au dawa za kufubaza virusi ili dawa yake ifanye kazi, mwache hapo hapo na uondoke, hata kama umekwisha kumlipa.

Kuna maelezo mengine yanayotolewa mapema, wakati mwingine kabla hata kopo halijafunguliwa, kwamba ukijisikia vibaya baada ya kuanza dozi usiogope, kwani huo ndio uponaji unaanza na sumu zinatoka. Maelezo hayo yana ujanja mkubwa, kwa sababu yanamfunga mgonjwa mdomo siku atakayodhurika: kadiri anavyougua ndivyo anavyoamini kuwa anapona, na anapopiga simu huongezewa dozi. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba ya Kichina katika kliniki ya kupunguza uzito waliharibika figo, na waliopatwa na madhara hayo walizidi 100. Mmoja wa mimea iliyokuwa ndani yake ulikuwa na asidi ya aristoloki, ambayo huua figo na pia husababisha saratani ya njia ya mkojo. Kwa hiyo kubaliana na nafsi yako mapema kuhusu dalili zitakazokufanya usimamishe dozi na kwenda hospitali bila kumwomba ruhusa aliyekuuzia. Macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa wa rangi nzito au kupungua sana, uvimbe wa uso na miguu, kutapika kusikokoma, vipele vinavyoenea na kupumua kwa shida ni miongoni mwake.

Mwenye saratani, au anayehisi kuwa nayo, ana jambo moja zaidi la kulinda, nalo ni muda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 uchunguzi kuhusu wagonjwa wa Marekani wenye saratani ambazo zilikuwa hazijasambaa mbali. Waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wale waliopata matibabu ya kawaida, na kwa saratani ya matiti hatari hiyo ilizidi mara tano. Uvimbe unaoweza kutolewa kwa upasuaji mdogo hausubiri mgonjwa amalize kifurushi cha dawa cha miezi sita. Ikiwa moyo wako unataka kujaribu mitishamba, hakikisha tarehe ya kumwona daktari wa saratani imekwisha kupangwa kabla ya kuingia kliniki hiyo, na isisogezwe hata siku moja kwa ushauri wa mtu anayeuza.

Kuhusu kusindikizwa, usiende peke yako, lakini chagua kwa makini nani wa kwenda naye. Anayekupenda sana na kuogopa sana anaweza kuwa wa kwanza kusema "tulipe tu, afya haina bei," na muuzaji ataacha kuzungumza nawe azungumze naye. Afaa zaidi mtu mtulivu asiyeona haya kuuliza, ambaye mmekubaliana kwamba akisema "twende" mnainuka nyote wawili, bila mjadala. Yeye ndiye aandike kila kinachosemwa, hasa jina la ugonjwa linalotajwa na ahadi za kupona, maana wengi hupunguza ahadi zao wanapoona kalamu.

Jizoeze pia kukataa, hata kwa sauti ukiwa nyumbani. Watu wetu wamelelewa kutomvunjia mtu heshima, na kwa sababu hiyo hukataa kwa kutoa sababu. Lakini kila sababu unayotoa ina jibu lililokwisha kuandaliwa. Ukisema fedha hazitoshi, utapewa malipo ya awamu. Ukisema mpaka umwulize mwenzi wako, utaambiwa mpigie sasa hivi. Ukisema utarudi wiki ijayo, utaambiwa punguzo linaisha leo jioni. Sentensi isiyo na sababu ndiyo isiyo na mpini wa kushikia: "Nashukuru kwa maelezo, leo sinunui." Irudie kama ilivyo, kwa upole, mara tatu ikibidi. Ukionyeshwa picha na shuhuda za waliopona, uliza ugonjwa wao ulithibitishwa kwa kipimo gani na kupona kwao kulithibitishwa kwa kipimo gani, na ukumbuke kwamba waliokufa hawaitwi kutoa ushuhuda.

Usitie saini siku hiyo ya kwanza, iwe ni mkataba wa matibabu, fomu ya mkopo au karatasi inayosemekana ni ya kumbukumbu tu. Watu hudhani kwamba sheria itawapa nafasi ya kubadili nia. Umoja wa Ulaya huwapa wanunuzi siku 14 kwa manunuzi ya mtandaoni na yale yanayofanyika nje ya sehemu ya biashara ya muuzaji, na Marekani ina kanuni ya siku tatu kwa mauzo mengi ya majumbani na mahali pengine nje ya duka la muuzaji. Lakini mtu aliyekwenda kwa miguu yake ndani ya kliniki na kulipa kaunta kwa kawaida hafikiwi na kinga za namna hiyo. Omba uchukue karatasi ukaisome nyumbani. Usajili wa kliniki na wa dawa uhakiki mwenyewe kwa mamlaka husika, na uangalie kama bidhaa imesajiliwa kama dawa au kama kirutubisho tu, kwani kibali cha kirutubisho si kibali cha kutibu.

Ikiwa umekwisha kununua kabla ya kusoma haya, usione aibu kiasi cha kuficha. Tunza risiti na ujumbe wote mlioandikiana, omba marejesho kwa maandishi, na makopo usiyatupe wala kuyabandua lebo. Mama mkubwa alikuwa ameyafungia kabatini ili watoto wake wasiyaone, na siku alipolazwa swali la kwanza la daktari lilikuwa ni kitu gani amekuwa akimeza. Ikabidi nirudi nyumbani, nivunje kufuli na kuyapeleka wodini katika mfuko, yote saba, ili daktari asome yaliyoandikwa ubavuni.