Kuomba chuo na mkopo baada ya kidato cha sita: anza na vyeti, chuo kitafuata

Kama nyumbani kwako kuna mtu yuko kidato cha sita, usingoje matokeo. Mwaka jana nilimsimamia mdogo wangu toka mahafali hadi alipofungua begi bwenini, na ninachoweza kukuambia ni kwamba kuchagua chuo ni kazi ya jioni moja. Kinachokula muda na nauli ni mambo yasiyohusiana hata kidogo na masomo: cheti cha kuzaliwa, herufi moja kwenye jina la baba, mhuri wa mwenyekiti na laini ya simu.

Tazama kwanza jinsi kalenda ilivyokaa. Mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) unaanza Mei. Ukiisha tu, majina ya JKT mujibu wa sheria (mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu) yanatoka, na mtoto anafunga safari kwenda Mafinga, Bulombora, Msange au popote alipopangiwa. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Dirisha la mkopo miaka hii limekuwa likifunguliwa Juni. Maana yake, wakati kila kitu kinadai saini yake, picha yake na simu yake, yeye yuko kambini anakimbia mchakamchaka. Mwombaji halisi ni wewe uliyebaki nyumbani. Basi yote yanayoweza kufanywa kabla ya Mei, yafanyeni kabla ya Mei. Likizo ya mwisho inatosha kabisa, watu huwa wanaimalizia kwenye sare za mahafali.

Vyeti na majina

Toa cheti cha kuzaliwa kwenye lile begi la mama ukisome. Familia nyingi hugundua hapo kwamba walichokitunza miaka kumi na minane ni tangazo la hospitali, si cheti. Tangazo linasaidia kupata cheti, lakini halikubaliki mahali pa cheti. Vivyo hivyo kadi ya ubatizo na kadi ya kliniki. Na kama mzazi amefariki, kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Hili la pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uyatima ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa kwenye mkopo, na bila cheti, kwenye mfumo marehemu bado yuko hai.

Ukishapata vyeti, viweke kando ya cheti cha kidato cha nne na ulinganishe majina herufi kwa herufi. Wewe unajua Ramadhan na Ramadhani ni mzee mmoja. Kompyuta haijui. Jina la kwenye mtihani wa kidato cha nne ndilo linaloburuta mengine yote: udahili, mkopo, hadi akaunti ya benki. Kama kuna tofauti, mwone wakili mapema akueleze kama kiapo kinatosha au hati ya kubadili jina inahitajika. Ni mazungumzo mafupi mwezi wa Februari, lakini ikifika Agosti ofisi ya wakili imejaa wenzako wa kidato cha sita nchi nzima na bei haina aibu.

Baada ya hapo vyeti vinahakikiwa. Bara ni RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii (ZCSRA). Unafungua akaunti kwenye mfumo wao, unapakia cheti kilichoskaniwa vizuri, unapewa kontro namba (namba ya kulipia), unalipa, unasubiri. Majibu yakija chukua namba ya uhakiki uihifadhi, fomu ya mkopo itaiulizia. Skani kwa mashine, usipige picha kwa simu juu ya kitanda. Shuka lenye maua likionekana pembeni, usishangae ukirudishiwa.

Laini ya simu: hapa ndipo tulipoungulia

Fomu zote zitaomba namba ya simu na barua pepe, na watu huzijaza kama wanajaza daftari la wageni msibani. Ukweli ni kwamba namba hiyo ndiyo itakayopokea kodi (namba ya siri) ya kuthibitisha chuo, na nywila ikisahaulika inarudishwa kwa barua pepe ile ile.

Mdogo wangu alifanyiwa maombi ya chuo steshenari. Kijana wa pale alikuwa mwepesi na mchangamfu, alijaza kila kitu, akatuprintia na risiti. Asichotuambia ni kwamba pale penye simu aliweka namba yake na barua pepe yake, "ili isisumbue." Wiki kadhaa baadaye mdogo wangu anachaguliwa vyuo viwili, ujumbe wenye kodi unaingia kwenye simu ya mtu ambaye amekwenda kijijini kwao kuuguza, na simu imezimwa. Steshenari imefungwa. Jirani wa duka la pembeni ananiambia atarudi "wiki hizi." Nilikwenda hadi ofisi ya udahili ya chuo tulichokitaka, na nakala za vyeti na barua ya mzazi, nikakaa kwenye benchi la wazazi wenye sura kama yangu mpaka namba ikabadilishwa na kodi ikatumwa upya. Tulithibitisha dirisha likiwa linakaribia kufungwa.

Kwa hiyo, steshenari nenda, mashine ni zao na intaneti yao ina kasi. Lakini kaa kwenye kiti pembeni ya anayejaza, taja namba yako kwa sauti, na kabla ya kubonyeza kutuma msome tena ukurasa mzima. Barua pepe ifunguliwe na mwombaji mwenyewe, nywila iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Na laini yenyewe ibaki nyumbani pia, kwenye simu ya mtu anayesoma ujumbe. Hapa kuna mtego. Laini ikipotea, kuirudisha kunahitaji alama ya kidole ya aliyesajiliwa, na huyo kidole chake kiko kambini. Kama mnaona hatari hiyo ni kubwa, tumieni laini iliyosajiliwa kwa jina la mzazi au ndugu anayebaki. Isiwe ya mjomba anayebadilisha simu kila mwezi.

Chuo

Toka mwaka wa masomo 2017/18 maombi hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), unaomba moja kwa moja kwenye chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Kitabu cha mwongozo cha TCU kiko bure kwenye tovuti yao. Anayekuuzia nakala mlangoni anakuuzia karatasi tu.

Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, E mbili hazitoshi. Huo ni mlango wa nje. Kila kozi ina mlango wake wa ndani, na masomo yanayotakiwa yameandikwa kitabuni mbele ya jina la kozi. Soma safu hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi. Ada hairudi hata kama uliomba udaktari na tahasusi yako ni HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza).

Ombeni vyuo vinavyofikika, kimoja cha ndoto na kingine cha uhakika. Matokeo yakiwa mabaya, bado kuna stashahada kwa upande wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi). Usikubali mtu akwambie mtoto "amefeli" kabla hujaangalia huko.

Kuthibitisha

Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unaweka kodi iliyokuja kwa ujumbe, basi. Hatua yenyewe ni dakika mbili, ndiyo maana watu wanaidharau. Usipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine na wewe unaanza upya na dirisha linalofuata, kwenye kozi zilizobaki. Kuna wazazi wanaokaa kimya wakiamini chuo "kitapiga simu." Hakipigi.

Mkopo

Ada ya maombi ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) ni shilingi 30,000, inalipwa kwa kontro namba, benki au kwa simu. Lipia kontro namba iliyotoka kwenye akaunti ya mwombaji. Ukitumiwa namba ya simu ya "afisa" ili akuharakishie, huyo si afisa.

Namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili na atashawishika kutumia yenye matokeo mazuri huku, nyingine kule. Matokeo yake mfumo unaona watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo.

Ukimaliza kujaza unaprinti fomu, na hapo unarudi kwenye ulimwengu wa wino. Inatakiwa saini na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji (Zanzibar ni sheha), saini ya mdhamini pamoja na picha na nakala ya kitambulisho chake, kisha kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Na mwombaji mwenyewe asaini. Kama dirisha limefunguliwa akiwa ameshaondoka, panga mapema namna ya kumfikishia fomu. Mimi niliifuata saini kwa basi, fomu ikiwa kwenye bahasha ngumu mapajani safari nzima.

Kuhusu mwenyekiti: usiende saa nne asubuhi ukidhani yuko ofisini. Ana biashara zake kama wewe. Piga simu kwanza, ulizia na mhuri uko wapi, maana vinaweza kuwa sehemu mbili tofauti. Ukiulizwa hela "ya wino," omba risiti kwa upole, mara nyingi wino unapatikana. Kwa wakili peleka fomu ikiwa imeshasainiwa na wengine wote, vinginevyo utarudi na kulipa tena.

Mdhamini chagueni mtu anayeeleweka mna uhusiano gani, kwa kawaida mzazi au mlezi. Kama kaya yenu iko TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), weka namba ya kaya. Watu wanaificha kwa aibu, na ni moja ya vitu vinavyoonyesha hali yenu bila maelezo mengi. Halafu skani kurasa zilizosainiwa, pakia, na uzifungue tena uone kama zinasomeka kabla ya kutuma. Mhuri uliofifia urudie.

Nakala za kila kitu ziwekwe kwenye bahasha moja. Chuoni wataziomba tena siku ya usajili, kana kwamba hawajawahi kuzisikia.

Baada ya kutuma

Majina ya waliopata hutoka kwa awamu, na taarifa za kila mtu zinaonekana kwenye akaunti yake ya SIPA (akaunti ya mwanafunzi kwenye mfumo wa HESLB). Kukosa awamu ya kwanza si mwisho. Angalieni pia mgawanyo, si jumla tu. Fedha ya chakula na malazi, wanayoiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku toka 2022/23, ilikuwa 8,500. Lakini ada unaweza kupewa sehemu tu, na kiasi kinachobaki ndicho mzazi anachotakiwa kukijua kabla ya mtoto kupanda basi. Awamu zikiisha bila jina, au kiasi kikiwa kidogo kuliko hali yenu, linafunguliwa dirisha la rufaa. Rufaa inataka ushahidi mpya: cheti cha kifo ambacho hakikuwa kimehakikiwa, uthibitisho wa daktari kuhusu ulemavu, namba ya TASAF iliyosahaulika. Barua ndefu ya kulia haina mahali pa kupakiwa.