Somo: Kulala ndani ya gari porini kwenye baridi ya Minnesota

Nimeendesha watalii Serengeti na Ngorongoro miaka tisa kabla sijahamia Duluth, mji wa Minnesota huku kaskazini mwa Marekani, kwa hiyo msimu wangu wa kwanza huku nilichukulia theluji kama tope jeupe. Kwenye tope la Ndutu ukikwama unazima gari, unatafuna karanga, mwenzako anapita, mnavutana. Huku Januari jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, barabara ya msituni inaweza kukaa siku mbili bila mtu kupita, na usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri haumshangazi yeyote. Tower, mji mdogo kaskazini yetu, ulifika nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996.

Hivi ndivyo ninavyojiandaa siku hizi kabla ya kuingia Superior National Forest, msitu wa taifa ulio kaskazini mwa Minnesota.

HATUA YA 1: Gari, wiki moja kabla

Anza na betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya kawaida inabaki na kama nusu ya nguvu yake, na wakati huohuo oili imeganda kama uji wa ulezi uliolala. Ya kwangu Septemba ilikuwa inawasha kwa kugusa tu. Desemba ikatoa "tik" moja ikanyamaza. Ipeleke ikapimwe, na ikishafika miaka minne mitano usiionee huruma. Oili weka ya 0W, yaani nyepesi ya baridi, kama kitabu cha gari kinaruhusu.

Kulanti, ile dawa ya rejeta isiyoganda, changanya nusu kwa nusu na maji, itavumilia mpaka nyuzi 37 chini. Kuna ndugu yetu alimimina dawa tupu bila maji, akidhani ndiyo kali zaidi. Dawa tupu huganda kwenye nyuzi kama 13 tu chini ya sifuri.

Tairi ziwe za baridi, zenye alama ya mlima wenye kipande cha theluji ubavuni. Za misumari sahau, sheria ya Minnesota haituruhusu wakazi. Upepo pima asubuhi, nje, kabla hujatembea: ukijaza psi 35 kwenye karakana yenye joto, alfajiri ya baridi kali utakuta 27.

Mengine ni madogo: maji ya waipa yasiyoganda, silikoni kwenye mipira ya milango, tangi lisishuke chini ya nusu. Hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme ifunge, lakini porini hakuna soketi. Ndiyo maana natembea na kibusta kidogo cha litiamu, betri ya mkononi ya kuamshia gari, na usiku nalala nacho ndani ya begi la kulalia kama mtoto. Kikiganda hakina kazi.

HATUA YA 2: Njia

Barabara nyingi za msituni hazisafishwi theluji, na baadhi zinageuka njia za pikipiki za theluji. Piga simu ofisi ya msitu ya eneo hilo uulize ipi imefunguliwa. Mwachie mtu wa nyumbani jina la barabara na saa ya kurudi, kwa maandishi, maana simu ndani huko hazishiki.

HATUA YA 3: Kukwama

Hapa uzoefu wa nyumbani unatuponza. Kwenye tope ukikanyaga mafuta tairi inajisafisha, inaweza kushika. Kwenye theluji ikizunguka mara nne tano inaing'arisha mpaka inakuwa barafu, na hapo hata foo-wili inakuangalia tu. Ukiona gari halisogei, toa mguu. Shuka na koleo uanzie chini ya tumbo la gari kabla ya kugusa tairi, kwa sababu theluji iliyoshindiliwa chini ya chesesi imelinyanyua gari na tairi hazina uzito. Ukishachimba, punguza upepo mpaka 18 hivi, weka mbao za kukanyagia, toka taratibu. Pampu usiisahau, utaihitaji kurudisha upepo.

Sasa lililo kubwa: kabla ya kushika koleo, VUA koti. Mara ya kwanza nilichimba dakika arobaini nikiwa nimevaa kila kitu. Gari likatoka, mimi nikiwa nimelowa jasho mpaka fulana ya ndani. Nusu saa baadaye nilikuwa natetemeka kiasi cha kushindwa kufunga zipu, na hita inawaka. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hili, wanapanda wamevaa kidogo na nguo kavu iko kwenye mzigo.

HATUA YA 4: Kuegesha

Pua ielekee njia ya kutokea. Usivute handibreki kama umepita kwenye theluji yenye maji, inaganda imeshika. Weka P na kipande cha mbao nyuma ya tairi. Tairi zilizotoka kutembea zina joto, zinayeyusha theluji halafu zinaganda hapohapo. Kwa hiyo subiri kama nusu saa, kisha sogeza gari mita moja.

HATUA YA 5: Kulala

Injini imezimwa. Theluji ikizidi kuanguka inaziba ekzosi na moshi unarudi ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu, unasinzia tu. King'ora chake nimekifunga karibu na kichwa.

Baridi inatoka chini kuliko juu. Blanketi tatu juu ya godoro la hewa hazisaidii. Tandika kwanza povu gumu, ndipo begi la kulalia. Chupa ya maji ya moto miguuni. Soksi za kulalia ni za kulalia tu, hazijawahi kuona kiatu.

Na madirisha mawili, kila upande moja, yaachwe wazi kama sentimita mbili. Najua inauma. Usiku wa kwanza nilifunga yote nikijiona mjanja. Asubuhi dari lote lilikuwa na manyoya meupe, pumzi yangu mwenyewe imeganda. Nilipowasha hita ikaanza kuninyeshea usoni, kwenye begi, kwenye kila kitu. Usiku wa pili nililala kwenye begi lenye maji. Wala usizike uso ndani ya begi, acha pua nje uvae kofia.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nipo Calgary, nina watoto wawili. Je, niwashe injini dakika kumi kila saa badala ya usiku kucha?

Marahaba mdogo wangu. Ukiwa umekwama kweli, ndiyo, lakini kila mara ushuke kwanza uifukue ekzosi na ufungue dirisha la upande usio na upepo. Kwa kambi ya kupanga, hapana. Kama mpango unategemea injini ili watoto wasigande, safari hiyo isubiri Mei.

Kaka, jiko la gesi la vikopo limegoma kabisa. Bovu?

Si bovu, ni zima kabisa. Kopo lako lina buteni, na buteni kwenye nyuzi chini ya sifuri haigeuki gesi. Tumia propeni, yenyewe inachemka mpaka nyuzi 42 chini. Pikia nje.

Mie gari langu dizeli. Nyumbani tulikuwa tunachanganya mafuta ya taa kidogo. Nifanye?

Kwenye injini za sasa usithubutu. Jaza dizeli ya msimu wa baridi kwenye vituo vya huku kaskazini. Ukija na tangi ulilojaza kusini kwenye joto, nta inajitenga na kuziba filta.

Wenyeji wanaendesha juu ya ziwa. Tunaweza?

Idara ya maliasili ya Minnesota inasema sentimita 10 za barafu safi kwa mtu wa miguu, kama 30 kwa gari la wastani, na ikiwa nyeupe zidisha mara mbili. Pamoja na hayo wanasema hakuna barafu salama asilimia mia. Mimi naegesha nchi kavu, natembea kwa miguu.

Maji ya kunywa yanaganda usiku, mnafanyaje?

Usijaze dumu mpaka juu, halafu ligeuze kichwa chini, hakikisha mfuniko hauvuji. Barafu inaanzia juu, kwa hiyo mdomo unabaki na maji. Chakula napika nyumbani. Makande nayagandisha kwenye mfuko wakati yamelazwa bapa, nayavunja vipande kama chokoleti, nayatupia kwenye sufuria. Vitunguu nilivibeba mara moja tu. Vilikuwa vigumu kama mawe, na kisu changu kikapoteza ncha.