Chakula cha bure kanisani: anzeni na sufuria moja

Msianze na kamati. Usharika wetu, hapa Morogoro, ulikaa vikao vitatu kubishania jina la mpango, na hakuna aliyekula. Mwombeni mchungaji jiko na siku moja ya wiki, basi. Sisi tulichukua Jumatano.

Pikeni makande. Watu 60 wanashiba kwa kilo 8 za mahindi yaliyokobolewa na kilo 4 za maharage. Lowekeni tangu jana yake jioni, la sivyo mkaa utawamaliza. Mara ya kwanza nilisahau. Saa nane mchana maharage bado yanagonga meno, na wazee wako kwenye mabenchi wananitazama tu. Karanga zilizosagwa zitieni mwishoni, zikiwahi zinashika chini.

Wa kujitolea 6 wanatosha: wawili motoni, wawili kupakua, mmoja maji ya kunawa, mmoja vyombo. Huyo wa vyombo mbadilisheni kila wiki, atakimbia.

Msiulize mtu dini wala kuandika majina. Mtoto akirudi na bakuli, mpakulieni tena. Anayetaka kubeba nyumbani aje na hotipoti yake. Zetu mbili hazijarudi mpaka leo.