Rottweiler kwenye geti la Arusha na Moshi: jinsi ya kumlea mbwa wa waswaga ng'ombe

Pita Njiro ya Arusha au Shanty Town ya Moshi uhesabu mageti yenye kibao cha "Mbwa mkali". Nyuma ya mengi kuna Rottweiler aliyefungiwa bandani tangu alfajiri, anayefunguliwa usiku tu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kumfuga mbwa huyu, na sababu yake iko kwenye asili yake.

Jina ni la mji wa Rottweil, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ulioanza kama kambi ya Warumi mwaka 73 hivi. Wafugaji wa Ulaya husimulia kwamba mababu zake walivuka milima ya Alps wakiswaga ng'ombe wa majeshi ya Kirumi. Baadaye Rottweil ikawa mji wa biashara ya mifugo, na mbwa hawa wakawa mali ya wachinjaji na wachuuzi. Kazi yao ilikuwa kuswaga ng'ombe hadi mnadani, kuvuta mikokoteni ya nyama na kumlinda tajiri akirudi na fedha. Fikiria mnada wa ng'ombe wa Meserani, kisha mpe kila mchuuzi mbwa wa kilo 50. Karne ya 19 reli ilichukua kazi ya kusafirisha ng'ombe, na mbegu hii ikakaribia kutoweka. Iliokolewa na polisi: mwaka 1910 Rottweiler alitambuliwa Ujerumani kuwa mbwa wa polisi, na 1921 vyama vya wafugaji wake vikaungana kuwa ADRK, chama kinachoisimamia mbegu hiyo hadi leo.

Kwa hiyo huyu ni mbwa wa kushinda na mtu akifanya naye kazi. Husukuma kwa bega na nyonga kama alivyosukuma ng'ombe, ndiyo maana huwaangusha watoto bila kuwa na nia mbaya. Humtazama mgeni kwanza kabla ya kubweka. Akifungiwa peke yake mchana kutwa hajifunzi nani ni muuza maziwa na nani ni mwizi, kila anayepita anakuwa adui. Mbwa wa namna hiyo siku moja atamuuma mtoto wa jirani.

Kununua

Dume hufikia kimo cha sentimita 61 hadi 68 begani na uzito wa kilo 50 hivi. Jike sentimita 56 hadi 63 na kilo 42 hivi. Rangi ni moja, nyeusi yenye mabaka ya kahawia juu ya macho, mashavuni, kifuani na miguuni. Ukiambiwa kuna "Rottweiler mweupe adimu", bei yake isikusumbue, ondoka. Mkia mrefu si dalili ya mchanganyiko. Huzaliwa nao, na Ujerumani imekataza kuukata tangu 1998.

Nenda nyumbani kwa muuzaji, usipokee mtoto kando ya barabara. Mwone mama akitembea: akiyumbisha kiuno au akiinuka kwa shida, huenda nyonga zake zina kasoro, na kasoro hiyo hurithiwa. Usimchukue mtoto kabla ya wiki 8.

Chanjo na wiki za kwanza

Parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu, ndiyo inayowamaliza watoto wa mbegu hii, na Rottweiler hushambuliwa nayo kuliko mbegu nyingi. Chanjo ya mchanganyiko ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto atimize angalau wiki 16. Wengi huchanja mara moja wakaona wamemaliza. Kinga ya maziwa ya mama ikiwa bado mwilini huizima chanjo hiyo ya kwanza, na wiki mbili baadaye mtoto anaharisha damu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka, tunza cheti.

Kama mbwa mwingine alikufa kwa parvo hapo nyumbani, virusi hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Osha banda kwa sabuni, kisha mwaga jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20 na uache dakika 10 kabla ya kusuuza. Kwenye udongo jiki haifui dafu. Eneo hilo liache kabisa.

Tatizo ni kwamba wiki ya 3 hadi ya 14 ndizo ambazo mbwa hujifunza dunia ni kitu gani, na hapo chanjo hazijakamilika. Mbebe mikononi. Apelekwe stendi ya bodaboda, aone wanafunzi wakitoka shule, mama mwenye beseni la ndizi kichwani, mzee wa Kimaasai na fimbo yake, mtu mwenye mwavuli. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Usimshushe chini penye mbwa wa mtaani.

Chakula

Mbwa wa kilo 45 anayetembezwa kila siku anahitaji, kwa siku nzima: unga wa dona gramu 250 (vikombe 2 hivi) uliopikwa ukaiva, utumbo au nyama gramu 600, dagaa wakavu wa Ziwa Victoria gramu 100, mchicha au karoti gramu 100, na mafuta kijiko 1 cha chakula. Mara mbili kwa wiki ongeza maini gramu 50 yaliyochemshwa. Vitunguu na chumvi usiweke. Dagaa waoshe mara tatu, mchanga wake ni mwingi. Usiwaruke, kwa sababu mifupa yao ndiyo kalsiamu ya mlo huu. Ugali na nyama tupu huacha mifupa ya mbwa laini.

Kwa mtoto hadi mwaka mmoja, chakula cha punje cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa ni salama zaidi, ukikipata. Hapo usimwongezee kalsiamu wala DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) ya ng'ombe "ili akomae mifupa". Mwili wa mtoto hauwezi kuikataa kalsiamu iliyozidi, na miguu hupinda. Usimnenepeshe pia: ukipitisha vidole ubavuni uhisi mbavu bila kubonyeza. Mlo mara 4 kwa siku hadi miezi 3, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2 maisha yake yote.

Unga ulioota ukungu usiupeleke kwa mbwa kwa kuwa "watu hawawezi kuula". Sumukuvu huharibu ini lake haraka. Mapafu na maini mabichi ya kondoo au mbuzi kutoka machinjioni yasifike bandani: yakiwa na vifuko vya maji, mbwa hupata tegu mdogo ambaye mayai yake humwingia mtoto anayemshika. Chemsha nusu saa. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Walio na vihamba (mashamba ya nyumbani) wakumbuke pia kwamba kahawa inayoanikwa ni sumu kwa mbwa, na kokwa la parachichi huziba utumbo.

Banda na kupe

Mita 3 kwa 2, paa lisilovuja, sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Saruji tupu humtoa sugu viwikoni, na Arusha ya Julai humgandisha. Weka maranda au godoro kuukuu. Banda ni la kulala tu.

Kila jioni pekua masikio, makwapa na katikati ya vidole. Kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo kumwogesha mbwa bila kupuliza dawa bandani ni kazi bure. Usimwogeshe kwa kipimo cha josho la ng'ombe. Fuata kipimo cha mbwa kwenye kibandiko. Akikataa chakula, ufizi ukipauka, mkojo ukiwa kama kahawa au joto likipita 39.5, usisubiri kesho. Homa ya kupe inatibika ikiwahiwa.

Mafunzo

Chagueni lugha moja. Baba akisema "sit", dada "kaa" na mlinzi "keti", mbwa hana kosa. Anza na kaa, njoo, acha na lala, dakika 5 mara tatu kwa siku, kwa vipande vya nyama. Kusukuma kukome mapema: akikuegemea kwa nguvu, ondoka, usimsukume kwa sababu kwake huo ni mchezo. Mlinzi wa usiku amlishe na kumtembeza kwa wiki mbili kabla ya kuachwa naye. Pilipili na bangi za "kumfanya mkali" humtia maumivu na woga, basi.

Matembezi yawe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, hasa Moshi kati ya Januari na Machi, maana koti jeusi hushika joto vibaya. Mpaka miezi 18 asiruke kutoka kwenye pikapu wala kukimbizwa kwenye marumaru.

Baada ya kula apumzike saa nzima. Tumbo likijaa kama ngoma na akawa anajitahidi kutapika bila kutoa kitu, tumbo limejipinda, na ana saa chache tu. Namba ya daktari wa mifugo anayefanya upasuaji iandikwe ukutani kabla mbwa hajafika nyumbani.